Filamu za Infraredi Zisizotengenezwa Tena: Kuzipata, Kuzipima na Kuzifikisha Mwanza Salama

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mpiga picha kijana wa Mwanza na natumia kamera ya Nikon FM2. Nimeona picha za Kivu ambazo milima yake yote imefunikwa na majani ya rangi ya waridi, nikaambiwa zilipigwa kwa filamu ya infraredi, yaani inayonasa mwanga usioonekana kwa macho, ambayo Kodak wameacha kuitengeneza. Nimempata muuzaji wa Marekani mwenye mikanda ya Kodak HIE (ya nyeusi na nyeupe) na ya Ektachrome EIR (ya rangi). Yote muda wake umepita, lakini anasema imekaa kwenye friza. Dada yangu anaishi Minneapolis na anakuja nyumbani Desemba. Je, ninunue? Nitajuaje kwamba filamu hizo bado ni nzima? Na ipi ni njia salama: posta, kampuni ya kusafirisha vifurushi, au dada aje nazo mwenyewe?

Jibu: Marahaba, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Nikuambie mapema ninakoelekea. Mikanda ya HIE iache, isipokuwa kama unautaka ule mng'ao ambao filamu hiyo peke yake huutoa. Ile ya EIR inunue kwa sharti moja, kwamba mkanda mmoja wa toleo lilelile upigwe na kusafishwa kwanza huko huko Marekani. Ikishapatikana, ije mikononi mwa dada yako.

Picha ulizoziona, kwa namna ulivyozieleza, ni za Richard Mosse wa Ireland, ambaye alianza kupiga picha mashariki ya Kongo mwaka 2010 na kuiwakilisha nchi yake katika maonyesho ya Venice mwaka 2013. Yeye alitumia Kodak Aerochrome, filamu ya kupigia picha kutoka kwenye ndege, ambayo chimbuko lake ni la kijeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Kodak waliunda filamu ya rangi inayonasa infraredi ili wapelelezi waweze kutofautisha majani yaliyo hai na turubai lililopakwa rangi ya kijani kwa ajili ya kuficha silaha. Baada ya vita ikapokewa na watu wa misitu, kilimo na upimaji wa ardhi, kwa sababu mti unaougua huonekana tofauti katika filamu hiyo hata kabla jicho halijagundua kitu. Filamu ya rangi ya kawaida ina matabaka yanayonasa bluu, kijani na nyekundu. Hii imesogezwa hatua moja, ikanasa kijani, nyekundu na infraredi, na kila kimoja kikajitokeza kwa rangi isiyo yake: infraredi huonekana nyekundu, nyekundu huonekana kijani, na kijani huonekana bluu. Kwa kuwa matabaka yote matatu huguswa pia na mwanga wa bluu, ni lazima lenzi ivalishwe filta ya manjano, ambayo kwa kawaida ni Wratten namba 12 au inayolingana nayo. Aerochrome ilitoka kiwandani katika mikanda mipana ya ndege, ya milimita 70 na ya takriban sentimita 24, na ile inayouzwa leo kwa ukubwa wa 120 mara nyingi imekatwa gizani na watu binafsi. EIR ndiyo iliyokuwa ndugu yake kwa kamera ndogo za milimita 35 kama yako, kwa hiyo hujakosea kuifuata.

HIE ni jambo jingine. Hiyo ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye uwezo wa kunasa hadi karibu nanomita 900 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na haikuwekewa lile tabaka la nyuma linalozuia mwanga kurudi ndani ya filamu baada ya kupenya. Kwa sababu hiyo kila kitu cheupe huvikwa mng'ao laini kandokando, na huo ndio mng'ao ninaousema. Kodak waliisimamisha mwaka 2007 pamoja na EIR, kwa hiyo hata mkanda mchanga kabisa wa aina hizo mbili umevuka miaka 15. Ikiwa unachotaka ni anga jeusi na miti myeupe tu, huna sababu ya kulipa bei ya kitu adimu, kwani Rollei Infrared 400 hunasa hadi karibu nanomita 820, na Ilford SFX 200 hadi karibu 740, na zote mbili zimebaki madukani muda mrefu baada ya HIE kuondoka. Nunua Rollei, ivalishe lenzi filta ya nanomita 720 kama Hoya R72, weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu kwa sababu filta hiyo humeza mwanga mwingi, na utapata sehemu kubwa ya unachokitafuta kwa filamu ambayo haijazeeka.

Kwa upande wa rangi sina mbadala wa namna hiyo wa kukupa. LomoChrome Purple, ambayo wauzaji wengine huitangaza kana kwamba ni Aerochrome mpya, hugeuza kijani kuwa zambarau kwa ufundi wa kemikali za rangi lakini hainasi infraredi hata kidogo, hivyo kitambaa cha kijani na jani la mwembe vitageuka pamoja bila kutofautishwa. Iko njia ya uvumilivu ambayo mimi naiheshimu: kupiga mandhari ileile mara tatu kwa Rollei Infrared, kwanza kwa filta ya infraredi, kisha nyekundu, kisha kijani, halafu kuziunganisha kwenye kompyuta kwa mpangilio uleule wa Aerochrome. Njia hiyo inafaa kwa mawe ya Bismarck pale ziwani, kama hakuna upepo wala mawimbi. Kwa watu na magari haifai.

Sasa kuhusu uzima wa filamu. Wengi huogopa eksirei kuliko kitu kingine chochote, ilhali kinachoua filamu hizi kwanza ni joto. Kemikali zinazoifanya filamu iguswe na infraredi ni dhaifu kuliko zile za filamu ya kawaida, na katika joto la chumba huendelea kuharibika mwezi baada ya mwezi hata kama boksi halijafunguliwa. Katika EIR uharibifu huo hauendi sawa kwa matabaka yote: lile la infraredi hupoteza nguvu mapema kuliko mengine, na kwa kuwa ndilo linalotawala rangi ya samawati-kijani katika slaidi (EIR hutoa slaidi, yaani picha chanya kwenye filamu yenyewe), picha nzima huelemea rangi hiyo, na ule wekundu wa majani ulioufuata hufifia mpaka ukabaki rangi ya tope. Katika HIE uzee hujitokeza kama ukungu wa kijivu unaotanda hata mahali ambapo hapakupigwa picha. Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri huchelewesha mambo haya sana, lakini haizuii mionzi ya asili inayotoka angani na ardhini, ambayo hupenya friza na kuongeza ukungu kidogo kidogo kila mwaka. Ndiyo maana tarehe iliyochapwa kwenye boksi ina uzito hata pale muuzaji anaposema ukweli mtupu kuhusu friza yake.

Neno lake kwamba imekaa kwenye friza lichambue. Muulize imekaa humo tangu lini, na kabla ya hapo ilikuwa wapi na kwa nani, kwa sababu filamu iliyokaa miaka 6 kwenye dari la nyumba ya Texas na kisha miaka 10 kwenye friza huelezwa kwa maneno yaleyale na ile ambayo haijawahi kutoka kwenye baridi. Mwombe picha ya boksi inayoonyesha tarehe na namba ya toleo, na hakikisha mikanda yote unayonunua ina namba moja, maana majaribio ya toleo moja hayakuambii lolote kuhusu toleo lingine. Mwombe pia mkanda mmoja, ulipie hata kama utapotea, upigwe na kusafishwa na maabara inayoaminika, na utumiwe picha za matokeo pamoja na ile sehemu ya mwisho ambayo haikupigwa. Kwa slaidi, sehemu hiyo inapaswa kuwa nyeusi tii. Ikiwa nyepesi au ina rangi, ukungu umeshaingia. Muuzaji anayekataa jambo hilo ana haki yake, nawe una haki ya kuondoka.

Kuna dalili moja ambayo haihitaji majaribio yoyote. HIE na EIR ni filamu ambazo kopo lake hufunguliwa katika giza kamili tu. Plastiki inayobeba tabaka la dawa la HIE huupokea mwanga kwenye ncha inayochungulia nje ya kaseti na kuupeleka ndani hadi kwenye fremu za mwanzo. Ukiona tangazo lenye picha ya kaseti imetolewa kwenye kopo na kuwekwa mezani ili ionekane vizuri, ujue mwenye mali amekwisha kuiharibu kwa mikono yake, na kwa kawaida wala hajui. Matangazo ya namna hiyo ni mengi kuliko unavyodhani, na baadhi yake yana bei ya juu kuliko yale ya watu waangalifu.

Kama muuzaji huyu atakushinda, tafuta kwenye eBay na kwa maduka ya kamera za mitumba kwa kutumia majina ya kiwandani, kwa sababu wauzaji wengi wanaorithi vitu vya wazee hawajui neno infraredi lakini huandika namba wanazoziona: HIE, EIR, 2443 na 1443 kwa Aerochrome, na 2424 kwa filamu ya ndege ya nyeusi na nyeupe. Mikanda mipana huwa inatoka kwenye idara za misitu, vyuo na kampuni za upimaji zilizohamia kwenye kamera za kidijitali, na taasisi za namna hiyo mara nyingi zilikuwa na vyumba vya baridi vya kweli. Konica Infrared 750 na Efke IR820 nazo hujitokeza mara moja moja. Ya pili ilitengenezwa na Fotokemika wa Samobor, Kroatia, kiwanda kilichofunga kazi mwaka 2012. Zote mbili ni za rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hoja yangu kuhusu Rollei inabaki palepale.

Nije kwenye safari. Posta ya kimataifa na kampuni za vifurushi hupitisha mizigo kwenye mashine za eksirei, na kwa mzigo wa kampuni hujui ni mashine ya aina gani wala ni mara ngapi. Kibandiko cha kuomba filamu isipitishwe kwenye eksirei hakimlazimishi mtu yeyote. Naweza kusema kinasaidia pale tu mzigo unapofunguliwa. Zaidi ya hapo kuna siku zisizohesabika ambazo kifurushi hukaa kwenye ghala la bati la uwanja wa ndege au ndani ya gari lililoegeshwa juani, na hapo ndipo kazi ya friza ya miaka mingi inapoweza kuharibiwa kwa alasiri chache. Meli usiifikirie kabisa: kontena likivuka tropiki kwenye sitaha huwa tanuri.

Ndiyo sababu nakushauri umtumie dada yako, na maelezo yafuatayo ni yake. Filamu zisiingie kamwe kwenye sanduku linalokabidhiwa kwa shirika la ndege, kwa sababu mashine za kukagulia mizigo ya chini ya ndege zina nguvu ya kuharibu filamu ya kasi (ISO) yoyote. Ziwe kwenye begi la mkononi. Hata hapo kuna tofauti ambayo zamani haikuwepo. Mashine za eksirei za kawaida za mizigo ya mkononi haziidhuru sana filamu ya kasi ndogo ikipita mara chache, lakini viwanja vingi vikubwa vya Marekani na Ulaya vimeweka skana za CT, ambazo huzungusha mionzi kuuzunguka mzigo na kuacha alama hata kwa filamu za kasi ya chini. Kodak Alaris, wauzaji wa filamu za Kodak, wamekwisha kuonya filamu isipitishwe humo. Kumbuka pia kwamba mionzi hujumlishwa: filamu yenye ukungu wa uzee tayari haina akiba ya kuvumilia ukungu mwingine.

Marekani, mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, humruhusu abiria kuomba filamu zikaguliwe kwa mkono. Dada aziweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, afike mapema, na aombe kwa upole kabla begi halijaingia kwenye mkanda wa mashine. Tatizo la filamu zetu ni kwamba afisa akitaka kuona kilichomo atavuta kifuniko cha kopo, na hapo mchezo utakuwa umekwisha. Kila kopo lizungushiwe utepe na kubandikwa maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yanayosema kwamba ni filamu ya infraredi ambayo haijapigwa na hufunguliwa katika giza kamili tu, naye aeleze hivyo kwa mdomo. Kwa kawaida afisa hupangusa kopo kwa kitambaa cha kupimia baruti na kulirudisha. Pia abebe, kwenye simu au kwenye karatasi, ukurasa wa maelezo ya Kodak wa filamu hiyo, maana maneno ya kiwanda husikilizwa kuliko ya abiria. Ulaya hali hutegemea kiwanja na afisa wa zamu, kwa hiyo achague tiketi yenye vituo vichache vya kukaguliwa upya hata kama itazidi bei kidogo. Huku kwetu mizigo hupitishwa kwenye mashine hata mlangoni mwa jengo la abiria. Akikataliwa ukaguzi wa mkono kwenye mashine ya kawaida, asigombane, akubali ipite mara hiyo moja. Kwenye skana ya CT aendelee kuomba, amwite msimamizi, na ndiyo maana nimesema afike mapema.

Mifuko yenye utando wa madini ya risasi siipendekezi. Afisa akiona doa jeusi kwenye skrini huweza kuurudisha mfuko kwenye mashine kwa mara ya pili, au kuufungua na kuyaona makopo ambayo ungependa asiyaguse.

Kuhusu baridi wakati wa safari, hakuna haja ya kuganda. Siku mbili katika joto la ndani ya ndege haziiui filamu iliyotunzwa vizuri. Kinachohitajika ni kuikinga na joto kali la ghafla. Mfuko mdogo wa kuhifadhi ubaridi unatosha, na ukiwekwa vipande vya jeli, afahamu kwamba jeli iliyoyeyuka inaweza kuhesabiwa kuwa kimiminika kwenye ukaguzi. Barafu kavu inaruhusiwa hadi kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika la ndege, lakini kwa mikanda michache ni usumbufu usio na faida. Kila kopo liwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa usipitishe hewa kabla ya kutoka kwenye friza, na mfuko huo usifunguliwe mpaka joto lake lilingane na la chumba. Kwa mkanda mmoja saa moja na nusu hutosha, na kwa fungu zima ngoja saa kadhaa. Akifungua mapema, unyevu wa hewa utatonea juu ya tabaka la dawa na kuacha madoa ambayo hakuna maabara itakayoyaondoa.

Forodha isikutishe. Filamu ya mkanda ambayo haijapigwa iko chini ya namba 3702 katika orodha ya kimataifa ya ushuru. Dada awe na stakabadhi ya muuzaji inayoonyesha bei ya kweli, na aseme ukweli akiulizwa. Ajihadhari na jambo lilelile la makopo: mkaguzi aonyeshwe maandishi na stakabadhi, na akisisitiza kufungua, aombe lifunguliwe moja tu, ambalo mmekwisha kuliteua kuwa la kutolewa kafara.

Zikifika Mwanza, zirudi kwenye friza siku hiyohiyo, na kwa kuwa umeme hukatika, jaza nafasi zilizo wazi za friza kwa chupa za maji yaliyoganda, ambazo zitashikilia baridi kwa muda mrefu bila umeme. Kamera yako ni nzuri kwa kazi hii. FM2 huhesabu fremu kwa gia, tofauti na baadhi ya Canon EOS zinazohesabu matundu ya filamu kwa taa ya infraredi na kuichoma kingo. Filamu uiingize na kuitoa katika chumba chenye giza kamili, na mfuko wako wa giza usiuamini mpaka uujaribu, kwa kuwa vitambaa na plastiki nyingi zinazozuia mwanga wa macho hupitisha infraredi. Hilo linahusu pia matangi ya plastiki ya kusafishia. La chuma ni salama zaidi.

Kwa EIR yenye filta namba 12, ikisafishwa kwa E-6 (utaratibu wa kawaida wa kusafisha slaidi), Kodak walipendekeza kuanzia kasi ya 200. Filamu iliyozeeka na ya slaidi haina huruma, kwa hiyo kila mandhari ya maana ipigwe pia nusu hatua juu na nusu hatua chini, jua likiwa nyuma yako, na fokasi ikiwa ya kawaida. Ukinunua HIE licha ya niliyoyasema, anza na 50 ukitumia filta nyekundu namba 25, sogeza fokasi kwenye alama nyekundu ya infraredi ya lenzi, na isafishe kwa HC-110, ambayo haichochei ukungu kama dawa nyingine. Matone ya benzotriazoli, kemikali ya kuzuia ukungu, huupunguza zaidi.

Picha iliyokwisha kupigwa lakini haijasafishwa hudhoofika haraka kuliko filamu mpya, hivyo mikanda ya EIR utakayoipiga safari hii panga kuimaliza wakati dada yuko nyumbani, kisha arudi nazo kwenye begi la mkononi kwa ukaguzi uleule. Maabara atakayoipelekea iulizwe kwanza kama mashine yake ya E-6 ina vihisi vya infraredi ndani, kwa sababu vihisi hivyo huunguza filamu hii ikiwa katikati ya kusafishwa. Wakijibu kwamba vipo au kwamba hawana hakika, aombe isafishwe kwenye tangi kwa mkono. Kila kopo liandikwe tarehe, filta, kasi uliyoweka na fremu ulizozipiga kwa viwango tofauti, ili slaidi zikirudi ujue kiwango kipi cha kutumia kwa mikanda itakayobaki kwenye friza.